Mikono mitatu mbele ya daktari

Leo hospitalini Mbarara daktari aliuliza swali moja, ikainuka mikono mitatu.

Mke wangu alikuwa na kichefuchefu na kiu isiyoisha. Alikuwa ameandikiwa vitamini D kwa ajili ya mifupa, kidonge kimoja kwa wiki.

"Nani anapatia mama dawa?"

"Mimi!" wakajibu wake wa wanangu, wote watatu, kwa fahari.

Kwetu wanapokezana kumpikia mama mkwe. Kumbe kila mmoja, siku ya zamu yake, aliweka kidonge kando ya sahani ya samaki!

"Na wewe mama, ulimeza vyote?"

"Munganga, mukamwana akikuletea kitu kwa mikono mibili, utamukatalia namna gani?"

Nieleze kidogo, mmenizoea kwa maelezo. Vitamini hii haitoki mwilini upesi. Ikizidi, huongeza kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Tulikuwa tumecheka jibu la mama, lakini daktari alipotaja figo, kicheko kikakatika.

Tukangoja majibu ya vipimo. Figo ni nzima, Mungu asifiwe! Vidonge vimesimamishwa mpaka apimwe tena.

Tuliporudi nyumbani Kashojwa, wakamwana waliona aibu hata kumkaribia mama. Mama akawaambia:

"Munganga amekataza vidonge. Samaki hakukataza. Zamu ziendelee."

Na kwenu, nani anashika dawa ya mgonjwa? Niambieni, ila awe mmoja.