Jina Ambalo Mama Mkwe Hakulitaja

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya ulimi wangu. Mimi ni muuza vitambaa, lakini Kifaransa na Kibangubangu navijua, na shirika moja la kimataifa la haki za binadamu lilikuwa likitafuta mkalimani wa kwenda Kabambare. Mke wangu alisema mutu wa kuongea hata usingizini hatimaye amepata kazi yake.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda pikipiki mbili. Madamu Elisi, mchunguzi wa shirika, alivaa kizibao cha mifuko mingi, na kila mfuko una fomu. Njia ilikuwa matope matupu. Tulianguka mara mbili, na mara zote mbili aliulizia fomu kabla ya kuniulizia mimi.

Siku ya pili, mchana, tulifika kituo kimoja cha polisi karibu na machimbo, nisichokitaja. Nje tulimkuta Mama Safi, mkulima kutoka upande wa Lusangi. Mume wa bintiye alikuwa amekamatwa kwa ugomvi wa shimo la dhahabu, siku ya tisa sasa yumo buloko, yaani mahabusu ya polisi, wala hakimu hajamwona. Sheria inawapa polisi saa arobaini na nane tu. Binti amejifungua juzi, hawezi kutembea, kwa hiyo mama ndiye aliyekuja, na huku hakuna mwingine anayemjua kijana yule.

Madamu akatoa fomu, akauliza jina la mfungwa. Mama Safi kimya. Ikabidi nieleze kwamba kwao mama mkwe halitaji jina la mkwewe, wala hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Ni aibu kubwa. Kovu lake alitueleza, kofia yake, hata bugali anavyoumaliza. Jina, ng'o!

"Bila jina nitamdai nani?" Madamu aliniuliza.

Nilipotafsiri, Mama Safi alijibu taratibu, "Mutu wetu iko mule ndani. Adai wote."

Mkuu wa kituo, mpole kupita kiasi, alifungua rejista: watu watatu tu. Madamu akairudisha fomu mfukoni, akaonyesha ruhusa ya serikali ya kukagua mahabusu, akaomba kuwaona wote. Wakatoka wanane.

Mama Safi akaupa mlango mgongo. Mmoja mmoja walisema majina yao, Madamu akiandika. Lilipotajwa la sita, mama akajifunika kitenge usoni. Nikajua ndiye.

Madamu aliketi pale pale na simu yake, akamsomea mwendesha mashtaka majina yote manane, kisha akayasoma tena. Kabla ya jua kuzama, wale watano wasiokuwamo rejistani waliachiwa.

Kesho yake, wakati wa kurudi, tuliwapita njiani: mama mbele, mkwe hatua hamsini nyuma. Kijana akanisimamisha, akaniuliza mtoto wake ni wa kike au wa kiume. Nikaenda mbele kuuliza, nikarudi na jibu: wa kike. Akalia waziwazi, nami nikalia naye.

Nimefika Kasongo, na majirani wanataka kujua wageni hawa wanasaidia nini na makaratasi yao. Hata mimi nilikuwa nawacheka wageni hao. Sasa nawaambia hivi: Mama Safi angetaja jina moja, tungemtoa mtu mmoja.