Friji Lililopandwa Jikoni kwa Auleria

Mambo haya ameyasema Auleria mwenyewe, Jumatano ya Majivu mwaka huu wa 1992, akiwa jikoni kwake Nkwenda, wilayani Karagwe. Pale aliposahau, mama mkwe wake anayeishi naye, Kokuberwa, alimkumbusha.

Saa kumi na mbili asubuhi Auleria amechuchumaa mlangoni, ananyoosha misumari juu ya jiwe. Misumari ni ya zamani, imepinda, mingine haina kichwa. Anaigonga polepole, anaiviringisha kwa kidole, kisha anaitia ndani ya kopo. Nyuma yake limesimama friji jeupe la mafuta ya taa, peke yake, kama mgeni asiyepewa kiti.

"Jumapili ukoo unakaa," anasema. "Wakilikuta limesimama hivi, litaondoka."

Auleria ni mama wa watoto watatu, mkubwa wao Evangelina. Kazi yake ni kuuza omuramba, yale maji matamu ya ndizi ambayo hayajachacha, pamoja na maziwa. Siku ya gulio huuza ndoo mbili. Omuramba kila nyumba wanao, lakini wa baridi hawana, maana umeme haujafika huku. Basi anachouza hasa ni ubaridi.

Friji lilinunuliwa na mumewe, Yustus, kwa mapadri waliokuwa wanahama. Lilikuja juu ya gari la kahawa, limefungwa blanketi kama mgonjwa.

Baada ya miaka michache mgonjwa akawa Yustus mwenyewe. Ulikuwa ule ugonjwa wa kukonda. Mdomo na koo vilijaa vidonda, kitu cha moto hakikupita.

"Maziwa baridi tu," anasema Auleria. "Kijiko, anapumzika. Kijiko, anapumzika. Alikufa mwaka themanini na tisa, kahawa ikiwa bado juani."

Katika ukoo wa Yustus, matanga yakiisha wazee hukaa kugawa mali. Desturi yao ni fupi: kinachobebeka huenda kwa mrithi, kilichochimbiwa chini hubaki na nyumba. Baiskeli inabebeka. Redio inabebeka. Na mrithi alikuwa Apolinary, mdogo wake marehemu.

Kokuberwa, aliyewazaa wote wawili, alimwita mkwewe kibanjani, chini ya migomba.

"Nilimwambia, mwanangu, mlango haubebwi kwa sababu una bawaba," anasema bibi huyo. "Nikanyamaza. Mimi ni mama wa wote."

Auleria akaelewa. Hakuwa na cha kumlipa fundi. Akaenda kuazima msumeno na nyundo kwa jirani yake, Twagirayezu, kibarua mwenye asili ya Rwanda. Mwenyewe alikuwa amekwenda vibarua vya kahawa huko Kanoni, vifaa vikatolewa na mkewe.

Nguzo alizing'oa kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Mbao nyembamba alizitoa kwenye masanduku ya sabuni. Mbao pana hazikupatikana, mpaka alipoutazama mtumbwi wa Yustus, ule wa kukamulia pombe ya ndizi. Kukamua humo ni kazi ya wanaume, na mwanaume hakuwapo tena. Akaupasua.

"Nililia pigo la kwanza tu," anasema. "La pili lilikuwa kazi."

Alichimba mashimo kuzunguka friji, akasimamisha nguzo, akashindilia udongo uliochanganywa na samadi. Rafu kushoto, rafu kulia, rafu juu. Ili lisichezecheze, alilisukuma mpaka likagusa ukuta, akaziba kila mwanya kwa udongo na majivu. Unga, chumvi, sahani, vyote vikapata mahali. Waliokuja kuhani walilisifu jiko.

Siku ya kikao Apolinary alilishika friji kwa mikono miwili, akavuta. Sahani zikalia. Friji halikwenda.

"Shemeji, tangu lini friji likaota mizizi?"

"Tangu lilipokosa mwenyewe."

"Mwenyewe si mimi hapa?"

Mzee Rwegoshora, aliyekuwa anaendesha kikao, akagonga nguzo kwa fimbo yake. "Apolinary, ukilitaka hili utabomoa jiko la mama yako. Halafu utakwenda kula kwa nani?"

Watu wakacheka. Friji likabaki.

Haikuchukua muda, maziwa yakaanza kuharibika. Auleria alikata utambi, akabadili mafuta, akafuta masizi. Wapi. Ndani kukawa joto kama nje. Twagirayezu aliporudi kutoka Kanoni alipenyeza mkono nyuma ya rafu, akauchomoa haraka.

"Mama Evangelina, hili linapumua kwa mgongo. Umelinyonga."

"Sasa nifanye nini?"

"Kule kwa mapadri nilikokuwa kibarua, likizimika hivi tulilitoa, tukaligeuza kichwa chini miguu juu, likalala hivyo mpaka kesho. Dawa iliyo ndani inarudi mahali pake. Ukilisimamisha, liweke mbali na ukuta."

Kulitoa maana yake ni kung'oa nguzo, na kilichong'olewa kinabebeka. Auleria akaona heri friji lililokufa kuliko kukosa friji. Akatunza humo nguo za watoto. Omuramba akawa anaupoza ndani ya vibuyu kwenye maji ya kisima. Ndoo mbili zikawa moja, na mara nyingine nusu yake ilirudi nyumbani.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, Apolinary alikuja akitembelea fimbo. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Aliketi jikoni, akalitazama friji.

"Shemeji, nipe kitu cha baridi."

"Limekufa, shemeji. Halitapona mpaka ling'olewe."

"Basi ling'oe."

Auleria akazitazama nguzo. Kokuberwa akaacha kumenya ndizi.

"Najua unachowaza," Apolinary akasema. "Likisimama huru ni langu. Nitalipeleka wapi, waitu? Mimi mwenyewe ni wa kubebwa."

Auleria anaposimulia hapa anaweka nyundo chini. "Mikono ile ile aliyovutia friji," anasema. "Sasa kikombe anakishika kwa yote miwili."

Aling'oa nguzo siku hiyo hiyo. Twagirayezu akaja wakaligeuza kichwa chini. Kesho yake wakalisimamisha, wakaliacha litulie, wakawasha. Kila baada ya kitambo Auleria alikuwa anafungua na kupeleka mkono ndani. Jioni ya siku iliyofuata maji ya kikombe yakashika utando wa barafu.

Apolinary hakurudi kwake. Alitandikiwa hapo hapo kwa mama yake, akanyweshwa maziwa baridi kijiko kwa kijiko, hadi Januari. Kabla hajafa alisema mbele ya Kokuberwa kwamba friji ni la nyumba hii.

Alipokufa, mbao za jeneza zilikuwa hazipatikani. Misiba ilifuatana, maseremala walikuwa wamemaliza walichokuwa nacho. Mbao za rafu zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Twagirayezu alizitazama, kisha akamtazama Auleria.

"Chukua zile pana," Auleria akamwambia.

Ndivyo mtumbwi wa Yustus ulivyokwenda kaburini na mdogo wake.

Sasa Jumapili hii ukoo unagawa mali ya Apolinary, na mtoto wake, Rwegasira, amerudi kutoka Mwanza. Ameshauliza, kwa adabu tu, friji la baba liko wapi.

"Sina ugomvi na mtoto," anasema Auleria. "Na yeye ni yatima kama wangu. Lakini neno la marehemu nalo linabebeka. Kila mtu analipeleka anakotaka."

Basi mchana kutwa anajenga. Safari hii ameacha nafasi ya kiganja kati ya friji na ukuta, na juu hajaweka kitu. Upande wa kulia rafu zimesimama imara. Upande wa kushoto mbao zimekwisha. Twagirayezu, aliyekuja kuchukua nyundo yake, anazunguka akikagua.

"Upande huu litatoka kama ng'ombe zizini, Mama Evangelina."

"Naona."

"Kitanda je? Tungepasua kitanda."

"Wanalalia watoto. Au unataka walale kwako?"

"Kwangu tunalala kwa zamu," anasema jirani, na anaiacha nyundo.

Akiulizwa atafanya nini friji likibaki, Auleria hafikiri sana. Omuramba atauza kama kawaida. Maziwa ameyapangia jambo jingine. "Wasioweza kumeza ni wengi siku hizi hapa kwetu," anasema. "Nitawapelekea. Hao sitawauzia."

Giza linaingia. Watoto wamekula, wamelala. Kokuberwa anaingia jikoni na mkeka wake, anautandika upande ule wa kushoto uliobaki wazi, anajilaza ubavu wake ukigusa friji.

"Mama, hapo pana unyevu. Udongo haujakauka."

"Nitalala hapa mpaka Jumapili ipite. Hao wanaokuja, nusu yao nimewabeba mgongoni. Waje waning'oe."

Auleria anamfunika kwa khanga, halafu kwa nyingine. Anainama kuuangalia moto wa friji, mdogo, wa buluu, unawaka vizuri. Anajinyoosha miguuni pa mama mkwe wake. Bibi anatangulia kusinzia, na baada ya kitambo Auleria naye analala.