Alidai malipo ya Jumapili nne, akapunguziwa siku za kazi

Saa tatu asubuhi, Kabura Gathogo anasukuma mkono wa mashine ya kufuma masweta, kwenda na kurudi, katika chumba cha mabati huko Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Baridi bado imeshika. Mashine nyingine nne zinalia kando yake. Hakuna anayemsemesha.

"Zamani tulikuwa tunaongea hapa mpaka bosi anakuja kutunyamazisha," anasema kwa sauti ya chini. "Siku hizi wananiogopa, ati nitawaletea shida."

Shida yenyewe ilianza Desemba. Oda za sare za shule zilikuwa nyingi, na mwenye karakana, Mwai Gatimu, akawaomba mafundi wake watano wafanye kazi hata Jumapili. Aliwaahidi shilingi 1,200 kwa kila Jumapili, maradufu ya siku ya kawaida.

Kabura, mjane wa miaka 44, alikosa ibada Jumapili nne mfululizo. Alikuwa ameshamwambia bintiye, Wendy, kwamba karo ya kidato cha tatu ipo.

Mwisho wa mwezi, bahasha ilikuwa na mshahara wa kawaida tu.

Mafundi walikubaliana kwenda kwa bosi pamoja, saa ya chai. Saa ilipofika, Kabura alisimama. Wengine waliinamia mashine zao.

"Niliangalia Watiri, maana yeye ndiye alikuwa amesema sana kuliko sisi wote. Akajifanya uzi imekatika."

Aliingia ofisini peke yake.

"Bosi, nimehesabu pesa yangu, Jumapili haziko."

"Mama Wendy, nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Ni mimi tu. Ni elfu nne mia nane."

"Shule hazijanilipa. Unataka nitoe wapi?"

"Ulisema mwisho wa mwezi. Mtoto anafungua wiki ijayo."

Mwai alitoa shilingi 2,000 mfukoni, akaziweka mezani bila kumtazama. Jumatatu iliyofuata, Kabura alikuta amepangiwa siku tatu kwa wiki. Wenzake walibaki na sita. Wendy alikaa nyumbani siku tisa kabla ya mama yake kukopa karo.

Februari, mafundi wale wanne walilipwa Jumapili zao zote, kimya kimya. Kabura hakuitwa.

"Watiri aliniambia tukitoka. Alikuwa analia. Nikamwambia usilie, hiyo pesa ni yako, umeifanyia kazi."

Mwai hakutaka mazungumzo marefu. "Kila mtu hapa analipwa vile tulikubaliana," alisema, akarudi kupima masweta.

Kabura amepanga kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi mjini Nyeri. Tarehe za Jumapili zile ameziandika. Anachokosa ni shahidi.

"Watiri amesema atakuja aseme vile ilikuwa. Sijui kama ataweza, yeye pia ako na watoto," anasema. "Lakini Jumatatu siko kazini. Nitaenda, aje asije."