Ponsiano na Ea Klina ya Wazi

Mume wangu Ponsiano hajui kutulia. Chai anainywa amesimama, misa anaisikiliza mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, na ukimweleza jambo lenye sentensi mbili, ya pili unaimalizia peke yako. Nimeishi naye hapa Kilole mpaka watoto wameondoka nyumbani, na bado sijazoea. Wanaosema mtu huzoea, waje wakae naye wao.

Kazi yake ni kubeba abiria kati ya Korogwe na Handeni kwa gari dogo, Subaru yenye tabo. Tabo ni feni ndogo inayoisukumia injini hewa, ndiyo maana gari lile mlimani halibembelezwi. Hewa yenyewe lilikuwa likiivuta kupitia boksi jeusi la plastiki lililotoka nalo kiwandani, ndani yake mna ea klina ya karatasi, chujio la kuzuia vumbi. Boksi lenyewe baya, halina sauti, na halijawahi kutusumbua hata siku moja. Sasa kitu kisichosumbua, Ponsiano atakivumilia vipi?

Mwaka huu vijana wa stendi wakaanza kufunga ea klina za wazi, zile nyekundu zenye umbo la koni, zisizo na boksi. Gari likikanyagwa linavuma, likiachiwa linapiga chafya. Ponsiano, mtu mwenye wajukuu, naye akataka gari lake lipige chafya.

Fundi wetu Salimu alikataa kumfungia. "Mzee Ponsi, hilo boksi linavuta hewa ya mbele, ya baridi. Hiyo ya wazi itakaa pembeni ya injini inywe hewa ya moto. Kelele utapata, nguvu hupati. Na vumbi la njia ya Kwedizinga je? Likipita ndani linakula mapanga ya tabo." Ponsiano akamwambia anaogopa maendeleo. Akavuka barabara, akafungiwa na Hashim, kijana aliyekuja na spana zake kutoka Dar. Boksi likabaki kwa Salimu, juu ya matairi.

Mimi kelele hazikunisumbua. Wasiwasi wangu ulikuwa Ijumaa. Madaktari wa macho kutoka mbali walikuwa Korogwe wiki ile wakipasua mtoto wa jicho, na mwisho wa kupokea wagonjwa ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Mama mkwe wangu, Bibi Hilaria, anaishi Dindira huko juu, na kwa miaka sasa haoni zaidi ya mwanga wa dirisha. Ponsiano alikuwa amemwahidi kumteremsha. Kila siku nilimwambia twende leo, na kila siku alikuwa na abiria wa Handeni ambao lazima wasikie gari linavyovuma. Usiku nilikuwa nageuka kitandani nikihesabu vilima vya Dindira.

Jumatano alirudi, akafungua bomba la hewa la injini, akakuta vumbi jekundu limeshapenya. Ningekuwa mimi, ningekwenda kwa Salimu nimefyata mkia. Lakini huyu ni mtoto wa shamba la mkonge. Marehemu baba yake alifanya kazi chumba cha brashi, kule nyuzi zinakosafishwa na vumbi lake linakaba koo, na wafanyakazi walikuwa wakijifunga puani kitambaa kilicholoweshwa maji. Ponsiano amekua akikiona kitambaa kile kimeanikwa kila jioni. Basi akachana khanga yangu, akailowesha, akaifunga ile ea klina kama mtu anayeumwa jino.

"Rudisha boksi," nikamwambia.

"Baada ya Ijumaa."

"Ijumaa ndiyo safari yenyewe, baba Edna."

"Kitambaa kilimtunza mzee miaka yote ile. Kitashindwa na gari?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaenda zangu jikoni.

Ijumaa alfajiri akakilowesha tena, tukaondoka. Bondeni gari lilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda likaanza kuzubaa, moshi mweusi nyuma, anakanyaga, halitaki. Akafungua boneti. Vumbi na maji vilikuwa vimegeuka udongo, udongo umekauka kwa joto la injini, khanga imegandamana na ea klina kama ukuta uliokandikwa. Hewa ingepita wapi? Mtu mwingine angekaa chini afikiri. Yeye aliing'oa khanga kwa nguvu, ea klina ikachanika pamoja nayo, akasema twende hivyohivyo. Hatukufika mbali. Kipande kikavutwa ndani, tabo ikalia kilio cha chuma, gari likazima. Nilimtukana pale barabarani, na sijutii.

Pikipiki ilichelewa kupatikana. Akapanda nayo kumfuata mama yake, wakashuka naye akiwa katikati, amefungwa kitenge asianguke. Mimi nikawafuata kwa nyingine. Tulipoingia hospitali, saa sita imeshapita, madaktari walikuwa wanapakia vifaa vyao kwenye gari. Ponsiano akawakimbilia, akarudi, akawakimbilia tena. Nesi akatuambia kwa upole kwamba watarudi mwakani, Mungu akipenda.

Bibi Hilaria amepita themanini. Tulimkalisha kwenye benchi, vumbi usoni, akamwita mwanawe aache kuhangaika. Ponsiano alipoinama mbele yake, mama yake akampapasa mashavu, kisha paji la uso, akafika kwenye nywele, mkono ukasimama hapo.

"Mama Edna," akaniuliza, "kichwa chake kimekuwa cheupe?"

"Ndiyo, mama. Chote."

"Na usoni?"

"Amezeeka, mama. Anafanana na baba yake."

Akaitikia kwa kichwa, mkono bado uko kwenye nywele za mwanawe.

"Haya," akasema. "Basi nimesikia."