Sekunde Sita za Allie

Marjorie Gillis aliomba kosa liwe la kompyuta. Wengine huomba mvua, wengine huomba watoto. Yeye, mchana ule wa Februari, jikoni kwake katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada, aliomba mashine iwe mbovu, tena mbovu kabisa.

Video yenyewe ilirekodiwa Jumamosi, majirani walipokuja kucheza ngoma jikoni. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, akakaa kwenye piano akimpa mgongo mumewe Allie, aliyepiga fidla. Kabla wageni hawajaondoka mtu akaiangusha simu, kioo kikapasuka vipande, ndiyo maana leo aliiunganisha na kompyuta. Loo, mashine hazina haya! Picha ikawa inakwamakwama, sauti inakatika, na katikati ya wimbo Allie akaganda, macho wazi, upinde wa fidla hewani.

Moyo ukamlipuka paa. Wiki ile alikwisha kumwona hivyo mara mbili mezani: kijiko kimeishia njiani, anaitwa haitiki, kisha anaendelea na supu kama kawaida. Na Allie ndiye dereva wa basi la shule. Watoto thelathini na mmoja, barabara ya ukingoni mwa bahari, barafu kila kona. Saa nane na nusu alitakiwa kuwafuata.

Akamwita kaka yake Lauchie, fundi redio mstaafu, nyumba ya pili.

"Dada, kompyuta hii ilipanda safina na Nuhu?"

"Acha mzaha, Lauchie. Itengeneze."

"Uso umeukunja hivyo kwa sababu ya video tu?"

Akamweleza. Lauchie akaacha kucheka, akavuta kiti.

"Kwanza, unaichezesha ikiwa bado ndani ya simu. Waya wenyewe huu, mh! Ngoja niinakili kwenye kompyuta." Akainakili. Ikakwama vilevile. "Basi ni programu. Ya zamani mno, video za simu za siku hizi haiziwezi. Nakuwekea nyingine."

Marjorie alisimama nyuma yake, akitazama saa ya ukutani zaidi ya kompyuta. Saa nane kasoro dakika tano. Lauchie akajaribu kwanza video ya mbwa akikimbia kwenye theluji. Ikaenda laini, bila kushtuka hata kidogo.

"Umeona? Ugonjwa ulikuwa wa mashine!"

Marjorie akacheka, akajifuta macho kwa aproni. "Sasa weka ya jikoni."

Nayo ikaenda laini. Watu wakazunguka, visigino vikapiga sakafu. Kisha upinde ukasimama. Nyuma ya Allie birika lilikuwa likichemka, na mvuke wake ukaendelea kupanda. Watu wakaendelea kuzunguka. Piano ikaendelea peke yake. Usiku ule Marjorie alidhani mumewe anachagua wimbo unaofuata. Sekunde sita. Kisha upinde ukashuka, fidla ikaendelea.

"Irudishe," Marjorie akanong'ona. Ikarudishwa. Ni palepale.

Allie akaingia, koti mwilini, kofia mkononi. "Kulikoni, mmefiwa? Funguo zangu nani kazichukua?"

Zilikuwa mfukoni mwa aproni, Marjorie amezikamata mpaka zinamuumiza. "Kaa, mume wangu. Tazama hii."

Akatazama akiwa wima. "Mashine yenu bado inakwama."

"Tazama birika, shemeji," Lauchie akasema.

Ikachezwa tena. Allie akalitazama birika. Akakaa taratibu, akaiweka kofia mezani, na kwa muda mrefu hakusema neno. Marjorie akamshika bega upesi, kwa hofu kwamba ameganda tena.

"Nipo," Allie akasema. "Wapigieni shule watafute dereva mwingine. Haraka." Akaisukuma kofia kando. "Asubuhi nimewabeba wote, Marjorie. Ile kona ya darajani... sikumbuki kuipita."