Ekzosi Ilipong'aa

Miaka ile ya ruksa, magari ya Japani yalipoanza kumiminika mjini, jirani yangu wa Mwembesongo alinunua pikapu nyeupe. Mimi na yeye tulikuwa na biashara moja: kupanda Mgeta kununua kabichi na karoti, kurudi kuuza sokoni Morogoro. Pikapu yetu, aliyoiendesha mume wangu, ilikuwa kuukuu, ekzosi imeliwa na kutu, ikinguruma mpaka watoto wanaziba masikio. Ya jirani ilikuwa kimya, na nyuma limechomoza bomba la stenlesi linalong'aa kama sufuria ya harusi. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa, taratibu, akijua namwangalia. Ee Mungu wangu, nilimwonea wivu yule mwanamke! Hata uji ulikuwa haushuki. Mara nyingi alirudi kutoka Mgeta gari likiwa nusu tupu, lakini hilo wala sikulijali. Nililoliona mimi ni bomba tu.

Ekzosi yetu ilipokatika, fundi alitupa njia mbili. Aunge vipande vya chuma cha kawaida kama siku zote. Vingeshika kutu masika yakija, tungerudi tena. Au atufungie ya stenlesi nzima, na sailensa yake, aliyoitoa kwenye gari la ajali.

"Cha kawaida kinatosha," mume wangu akasema. "Hili gari la kabichi, si la bwana harusi."

"Wewe kila kitu kinakutosha! Wanawake wenzangu wanapanda magari, mimi napanda mashine ya kusaga!"

Akahesabu hela. Ikafungwa ya stenlesi, ile ya zamani tukaiacha palepale kwa fundi. Tulipofika nyumbani nilimwambia aliegeshe gari makalio yakielekea mlango wa jirani.

Safari iliyofuata tulifika Mgeta mapema. Pale barabarani tulipozoea kukuta matenga yamepangwa na akina mama wanatusubiri, hapakuwa na mtu. Nyumba zao ziko juu mlimani, njia ni za miguu, na hakuna anayeteremsha kabichi zake zikapigwe jua bure. Mume wangu akapiga honi. Wapi! Kwenye kona zile kila gari linapiga honi. Tukakaa, tukakaa, mpaka akateremka bibi mmoja aliyezoea kuniwekea kabichi zake nzuri. Alikuwa anakwenda dukani, mikono mitupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. He, kumbe mmefika! Mbona leo gari halikunguruma? Sisi tukilisikia kule mtoni ndipo tunajitwisha."

Miaka yote ile, kutu ndiyo iliyokuwa ikiniitia mzigo, nami nimelipeleka gari kwa fundi kwa mikono yangu likanyamazishwe.

Mara tukasikia ngurumo kule mtoni.

"Si hilo lenu?" bibi akauliza, kisha akaitazama pikapu yetu, akashangaa.

Njia za mlimani zikajaa akina mama, matenga kichwani. Ikatokea kwenye kona pikapu nyeupe. Chini yake ilining'inia ekzosi yetu ya zamani, na waya niliousokota mimi mwenyewe bado uko palepale. Nilitamani kuing'oa kwa meno.

Jirani akateremka, anatabasamu.

"Shoga, usininunie," akasema. "Si mliitupa wenyewe?"

Akina mama wakapakia kwake mpaka matairi yakabonyea. Bibi naye akapanda mbio kufuata kabichi zake, na aliporudi akapita mbele yangu akiangalia chini.

Alfajiri ya soko lililofuata niliisikia ikiondoka nyumbani kwa jirani, inanguruma mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Nilijifunika shuka gubigubi, roho inaniuma.

"Mke wangu," mume wangu akasema, "nikuletee kitambaa ukafute stenlesi yako?"