Reli za Kona Hazipo kwa Sasa

Nakumbuka siku moja ya mvua za vuli, mwanangu, maji yakipiga mabati ya karakana yetu pale Changamwe, alipoingia mteja mkubwa kuliko wote tuliowahi kupata. Alifuta viatu vyake mlangoni, akatazama ukutani, akauliza kwa nini msumari mmoja hauna kitu.

Nikueleze kwanza huo msumari. Karakana ilikuwa ya Mzee Mwakio, Mtaita aliyestaafu kazi ya kutengeneza njia ya reli, na mimi nilikuwa fundi wake, kijana mwenye haraka ya kuoa. Tulitengeneza reli ndogo za treni za kuchezea: nyuzi za shaba ya manjano zilizopigiliwa juu ya mataruma, vile vipande vya mbao vinavyobeba reli, kila taruma fupi kuliko kidole. Kwenye ukuta wa mbele Mzee alikuwa amepiga safu ya misumari, na kila msumari ulibeba kipande kimoja cha mfano. Huu wa reli iliyonyooka, huu wa reli ya kugawa njia, ule wa kona. Kipande kikiwa kimetundikwa, maana yake zipo, unachukua leo. Kikiwa kimeondolewa, hazipo.

Nawe unatujua sisi watu wa huku. Kumwambia mgeni "hapana" kavukavu tunaona kama kumfungia mlango usoni. Tunasema "zimepungua kidogo", tunasema "pita kesho", tunasema "inshallah", hata sisi tunaokwenda kanisani. Mzee Mwakio alikuwa na adabu zote za pwani isipokuwa hiyo.

"Shikamoo, Mzee Mwakio," alisema mgeni. Aliitwa Salim, mnunuzi wa duka la hoteli moja huko kusini ya Likoni.

"Marahaba, Bwana Salim. Naona mvua haikukuacha."

"Haikuniacha, wallahi." Akaeleza alichotaka: vipande vya reli vya mapambo, kila kimoja na kibehewa chake kilichogandishwa juu, watalii waweke mezani kwao. Alivitaka vingi, alivitaka kabla ya Krismasi, na kila msimu angerudi. Kisha akanyoosha kidole ukutani. "Na hapo je?"

"Hapo pa kona. Hazipo."

Shida ilikuwa shaba. Iliyobaki ndani ilitosha kazi moja tu, na shehena nyingine haikutarajiwa mpaka mwaka mpya. Hiyo kazi moja tayari ilikuwa na mwenyewe: Otieno, mwendesha winchi bandarini, mkaazi wa Likoni. Baharia mmoja alikuwa amemwachia treni ya umeme, na kwa muda mrefu Otieno alinunua reli zetu kipande kwa kipande, akazitandika juu ya meza iliyojaza chumba kizima. Zilibaki kona za upande mmoja tu ili njia ifunge duara. Bila kona hizo treni ilifika mwisho wa meza, ikarudi kinyumenyume. Mkewe, Mama Akinyi, aliwaambia majirani, "Treni ya mume wangu ni kama feri, inakwenda na kurudi." Halafu akampa mumewe muda. Krismasi ikifika treni haijazunguka, meza inatolewa na chumba kinapangishwa. Otieno alipotusimulia mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka.

Nilimvuta Mzee kando, kwenye meza ya vyuma. Nilimwambia kwamba Otieno ni mtu mmoja, na hoteli ni hoteli, shaba iliyobaki tumfanyie Salim. Nikamwambia kuna kona moja ya zamani sandukuni, tuitundike tu, ukuta usionekane na pengo, na Otieno akija aambiwe apite kesho.

Mzee hakunong'ona kama mimi. Alijibu kwa sauti, Salim akisikia.

"Karisa, Otieno ana nusu ya njia nyumbani kwake. Hiyo nusu nyingine atapewa na nani? Reli za madukani haziingiani na zetu, unajua. Mtu akinunua kipande cha kwanza kwako, amekukabidhi kazi yake mpaka kipande cha mwisho. Bwana Salim akikosa mapambo yangu ataweka vinyago, na meza za watalii hazitajua tofauti."

"Ala! Mzee, unazitukana meza zangu?" Salim alicheka.

"Nazisifu. Zina subira kuliko mke wa Otieno."

"Haya, zangu lini?"

"Mwaka mpya, shaba ikija. Isipokuja nitakwambia haikuja."

Salim alimpa mkono, akafungua mwavuli, akaenda zake bila kuahidi lolote. Nami niliona harusi yangu ikitoka pamoja naye chini ya mwavuli ule.

Tukazipinda zile kona. Si kazi ya haraka, mwanangu. Shaba unaipasha moto, unaizungusha kwenye kalibu ya mbao, unasubiri ipoe, unapima, na ikikataa unaanza upya, kwa sababu reli ya ndani ni fupi kuliko ya nje na gurudumu halisamehe. Nilifanya kazi hiyo nimenuna. Mzee aliniacha ninune, ila kona iliyopinda vibaya hakuiacha.

Krismasi ikiwa mlangoni nilizifunga kwenye gunia, nikavuka kwenda Likoni. Nilimkuta Mama Akinyi amesimama chumbani na mwalimu kijana, mgeni kutoka bara, akimwonyesha dirisha. "Upepo unaingia vizuri," alikuwa akisema, "na meza hii inatoka leo." Otieno alikuwa kibarazani, ameketi kama mtu anayesubiri gari la kuhamia.

Aliponiona na gunia aliinuka bila salamu. Tuliingia wote wawili, tukainama, tukaunga kona moja baada ya nyingine. Mwalimu alisogea pembeni kutupisha. Mikono ya Otieno, iliyozoea kuinua makontena, sasa ilishika msumari mdogo kama punje ya mtama.

Treni iliondoka. Ilipofika penye kona mpya ilipunguza mwendo, na mimi niliinama kuitazama, maana shaba ile niliipinda kwa mikono yangu na kwa hasira. Ikaingia. Ikalala kidogo upande, ikapita, ikatokea nyuma ya migongo yetu, ikaja tena.

Mama Akinyi alikunja mikono.

"Irudie," alisema.

Ikarudia. Aliifuata kwa macho duara zima. Kisha akamgeukia yule kijana. "Mwalimu, samahani sana. Nimekusumbua bure. Chumba kina mtu."

Utataka kujua habari za Salim. Shaba ilipokuja tulimpelekea salamu, lakini hoteli ilikuwa imeshanunua vinyago. Alirudi msimu mwingine kabisa. Mimi nilioa kwa harusi ndogo, na Otieno alikuja na mkewe, na Mama Akinyi akacheza kuliko shangazi zangu.

Nakuandikia haya kwa sababu sasa una karakana yako pale Miritini, na watu wanataka reli za vipimo vipya, za treni kama ile kubwa inayopita karibu nawe. Watengenezee. Lakini nimeona picha unazoweka kwenye simu, za vipande ambavyo huna, na nimekusikia ukimwambia mteja wa Nakuru "wiki ijayo" huku kalibu ya kipande chake umeitupa uvunguni.

Itoe. Kabla hujaanza kitu kipya, uliza nani bado ana nusu ya kile cha zamani, umalizie chake kwanza. Kisichokuwepo sema hakipo, siku ileile ulipoulizwa, na sema kwa upole. Mteja atakayekuacha kwa jibu hilo mwache aende salama. Karakana ndogo haiwezi kuwa na kila kitu, lakini inaweza kuwa na neno moja, na hilo linatosha kuishi nalo. Mimi nimeishi nalo.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu. Akuletee wateja wenye maswali magumu, na unapowajibu, akupe kuwatazama usoni.